Jalada la Kinyumenyume

"Shangazi, kwani ungenyamaza, nani angejua?"

Nilimuuliza hivyo ndani ya basi tukirudi nyumbani, nikiwa darasa la tatu. Akaniambia nifunge dirisha, vumbi linaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Shangazi yangu anajalidi vitabu. Kitabu kilichochanika anakishona mgongo, anakipaka gundi ya unga wa ngano anayoipika mwenyewe, kisha anakivalisha jalada jipya. Mtaani wanamwita Daktari wa Karatasi. Mwaka ule maktaba ya shule alikofanya kazi ilimwambia mwisho wa muhula ndio mwisho wake, maana vitabu vyote vinahamia kwenye kompyuta. Hakuwa na kazi nyingine aijuayo. Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka mji mkubwa: jumba la nyaraka za kale linatafuta mjalidi mmoja, afike afanye majaribio. Mama alikuwa safarini, kwa hiyo na mimi nikabebwa.

Sikuwahi kuona mji wenye sura mbili namna ile. Upande huu vichochoro vyembamba na kuta nene zilizobabuka chokaa. Ukivuka barabara, ghorofa la vioo, na ndani ya vioo hivyo mji wa zamani unajitazama ukiwa umepindapinda. Nilitaka kusimama kila hatua. Shangazi hakutazama kitu. Alimuuliza muuza magazeti mmoja njia mara mbili.

"Mama, si nimeshakuelekeza?" yule bwana akacheka. "Mlango wa kizamani, kengele ya kisasa. Hupotei."

Kweli tulikuta mlango wa mbao nzito, na pembeni yake kidude cha kubonyeza chenye kamera. Shangazi alikiinamia akakipigia hodi kwa mdomo.

Mkuu wa karakana alikuwa dada kijana mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alimpa shangazi daftari kuukuu lililoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu.

"Hili ni la majaribio, picha zake tunazo. Kurasa zimeshapangwa. Lishone, livalishe jalada, kibandiko cha jina kikae mbele. Narudi saa sita."

Sijui kama shangazi alipumua asubuhi ile. Alishona, akavuta uzi, akaulamba, akashona. Nilipouliza kama naweza kwenda chooni alisema "shii" kana kwamba daftari limelala. Saa sita kasorobo alipaka gundi, akavalisha jalada, akabandika jina, akalipapasa kama shavu la mtoto.

Ndipo mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alipopita kufunga madirisha. Akafunua jalada. Akalifunga. Akafunua tena.

"Binti, hiki kitabu umekivalisha shati nyuma mbele."

"Unasemaje, baba?"

"Haya maandishi ni Kiswahili chetu hikihiki, ila yanaanzia kulia. Mbele yako wewe ndiko nyuma kwake. Sikiliza." Akasoma kwa kidole ukurasa wa kwanza kutoka upande wenye jina: "'Nimechoka, naishia hapa, kwaherini.' Umeona? Mgeni ndiyo kwanza anapiga hodi, anaagwa!"

Akacheka peke yake. Shangazi alikaa chini.

"Huyu dada yako wa miwani naye hasomi hizi herufi," mlinzi akanong'ona. "Anaangalia mshono tu, na mshono wako safi. Nyamaza zako, upate kazi."

Akatoka. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika saba. Mimi nilimtazama shangazi, shangazi akaitazama saa, akaigusa gundi kwa kidole. Kisha akashika ncha ya jalada, akaanza kulibandua, polepole, huku akiomba chini kwa chini karatasi isichanike.

Mkuu wa karakana alimkuta na daftari lisilo na jalada mkononi na gundi hadi kwenye viwiko.

"Nimekosea upande," shangazi alisema. "Niongezee nusu saa, dada yangu, nakuomba."

"Muda ni muda, mama. Waombaji wenzako wameshakabidhi."

"Basi nimalizie tu."

Alimalizia, jalada sasa likianzia upande wa kulia. Tukaambiwa, "Tutakupigia." Miezi mitatu simu ililala naye mto mmoja. Haikuita.

Leo anajalidia sebuleni kwake, ripoti za wanachuo na madaftari ya vikundi vya akina mama. Wiki iliyopita, sasa nikiwa kidato cha tatu, nilikwenda kujisomea huko. Nikauliza tena swali lilelile, maana nimekuwa nikiwahadithia wenzangu darasani kwamba shangazi yangu ni mtu wa msimamo.

Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Msimamo gani, mwanangu? Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nikaigusa ile gundi, nikakuta bado mbichi. Ingekuwa imekauka, saa hizi tungekuwa tunaishi mjini."