Mafuta ya Nazi kwa Mbwa wa Goba

Nilipotoka chuo cha mifugo huko bara, nilipangiwa ofisi ya mifugo ya Dar es Salaam, na kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa mbwa jike wa Goba na watoto wake watatu. Nilikuwa na cheti kipya, baiskeli ya serikali, na chumba Kinondoni ambamo nililala nikirudia kila neno nililomwambia mtu mchana.

Mwenye mbwa alikuwa mzee wa Kizaramo aliyelima muhogo mteremkoni na mkewe. Jike huyo ndiye aliyewazuia nguruwe mwitu wasipande kutoka bondeni. Sasa alikuwa na upele. Masikio na viwiko vilibaki ngozi tupu, ngumu na yenye magamba, na watoto wake walijikuna hata wakiwa wananyonya. Mkuu wangu, Mwingereza wa maneno machache, aliwatazama bila kuzima gari.

“Mwezi mmoja,” aliniambia. “Nikirudi nikakuta mabaka, nitawapiga risasi wote. Hatutaki upele uenee.”

Nilipomtafsiria, mzee hakutazama mbwa wala gari. Alitazama muhogo wake.

Niliwaachia pakiti ya unga wa kiberiti, ile salfa ya manjano, na chupa kubwa ya mafuta ya nazi, nikawaonyesha namna ya kuchanganya na kusugua kila siku ya tatu.

“Kwa mkono?” mkewe aliuliza.

“Kwa mkono, bibi, dawa iingie kwenye ngozi.”

Wakatazamana. Niliuona ule mtazamo, nikaondoka nao.

Wiki moja baadaye chupa ilikuwa tupu na mbwa walikuwa wakavu kama kuni. Mabaka yalikuwa yamepanuka. Nilipitisha kidole mgongoni mwa jike, kikatoka na vumbi.

“Shikamoo, mzee. Dawa mnapaka?”

“Marahaba. Tunapaka.”

“Mbona hawana hata dalili ya mafuta?”

“Jua la Goba hilo, bwana mifugo. Linakunywa mafuta kuliko nyie watu wa bara mnavyokunywa pombe.”

Nilicheka, kwa kuwa ilinipasa kucheka, lakini njiani, kichwani mwangu, nilikuwa nimekwisha kuyapeleka yale mafuta jikoni kwao. Pakiti ya kiberiti nayo ilikuwa imepungua, kwa hiyo nikawaza kwamba wanaumwaga ule unga ili nisishtuke. Kisha nikawaza kwamba watu wenye akili ya kumwaga unga wangebakiza na mafuta kidogo chupani. Hilo badala ya kuniondolea shaka liliniongezea.

Nilipeleka chupa ya pili. Siku hiyo walinikaribisha chakula, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga. Nilikisogeza kipande cha samaki puani kabla ya kukitia mdomoni. Sijui nilitarajia nini, maana mafuta ya nazi ni mafuta ya nazi, hayana alama ya serikali. Bibi aliniona.

“Mwanangu, samaki huyu wa leo,” alisema taratibu. “Kama una wasiwasi naye, niletee mie nimle.”

Mzee aliendelea kutafuna. Nilikula mpaka mwiba wa mwisho.

Zikabaki siku kumi na mbili. Mkono wangu mwenyewe ulianza kuwasha, na kila asubuhi niliukagua dirishani nikitafuta magamba. Nikaamua kwenda siku ambayo hawakunitarajia. Niliiacha baiskeli bondeni nikapanda kwa miguu katikati ya muhogo, nikijiambia kwamba mtumishi wa serikali anaruhusiwa kutembea shambani.

Nilimkuta bibi amechuchumaa nyuma ya nyumba. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye ncha ya fimbo, anakichovya katika kifuu chenye dawa yangu ya manjano, na kumpaka jike sikio kwa sikio, kwa uangalifu ambao hata mimi sikuwa nao. Mafuta yalichuruzika. Chupa ilikuwa pembeni yake. Nilitaka kurudi nilikotoka. Lakini mzee akatokea na beseni la majivu, akaanza kuwamwagia mbwa na kuwasugua kwa mpini wa jembe, mpaka dawa yote ikaganda na kudondoka.

“Mzee, unafanya nini?”

Hakushtuka. “Nawakausha. Alasiri imekaribia.”

“Unaitoa dawa.”

“Mbwa mkavu akinipita hana neno,” alisema. “Akiwa amelowa, akanigusa kanzu, sina kanzu ya kusalia. Niioshe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hapa maji yanapanda na kichwa cha huyu mama. Mbwa wanne, sala tano. Hesabu wewe uliyesoma.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

Bibi ndiye aliyejibu. “Dawa ya serikali. Tungekuambia inatutia najisi?”

Nyumbani kwetu bara tulilala na mbwa miguuni, na chuoni hakuna aliyeuliza mbwa analala kwa nani. Usiku ule nilipekua daftari langu mpaka kwenye maji ya kuogeshea kondoo wenye upele: chokaa na unga wa kiberiti vilivyochemshwa pamoja. Yanakauka juani, hayaachi mafuta. Je, yangewaunguza watoto wa mbwa? Nilichemsha kwa chokaa ya Boko, nikachuja, nikazimua, nikaupaka mkono wangu na kungoja siku nzima. Ulinuka yai bovu. Haukuungua.

Tuliwaogesha asubuhi, baada ya jua kupanda. Mimi nilishika, mzee alimimina kwa kata akiwa mbali. Kufikia adhuhuri walikuwa wakavu. Tulirudia baada ya siku tano, kisha tena.

Mkuu alipokuja, safari hii alizima gari. Aligeuza sikio la jike, akapitisha kidole gumba kwenye manyoya mafupi yaliyokuwa yanaota. Akawainua watoto mmoja mmoja. Bunduki ilibaki kwenye kiti. “Vizuri,” alisema, akaondoka.

Bibi alileta chakula. Aliweka sahani ya samaki mbele yangu kabla ya kuiweka mbele ya mumewe.

“Nusa kwanza,” alisema, “kisha ule.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Bibi hakucheka. Nilikula nimeinamisha kichwa, na njia nzima ya kurudi Kinondoni nilijiuliza kama ule ulikuwa utani.