Ukweli, Maoni na Loshoro

Mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza, pale jirani na soko la Tengeru, hufundisha kwamba kauli za lugha hiyo ni za aina tatu: ukweli, maoni na ahadi. Bahati mbaya somo haliachi darasani. Ukimwambia Mlima Meru umejifunika mawingu, atapangusa chaki kwenye suruali na kujibu taratibu, "Ukweli." Ukiongeza kwamba mvua itanyesha, "Maoni." Jana Silantoi, jirani anayempelekea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kila jioni, alimkuta akifuta ubao.

"Jumapili wazee wa Monduli wanakuja kuniposa kwa ajili ya kijana wao."

"Ukweli," akasema bila kugeuka.

"Baba ameshawatengea mbuzi."

"Ukweli."

"Mimi huyo kijana simtaki."

"Maoni."

Silantoi akachukua kibuyu chake, loshoro ikiwa bado imejaa, akaelekea mlangoni. Hapo dasta ikamdondoka mwalimu.

"Mjomba wangu wa Kikwe anaweza kufika kwa baba yako Jumamosi, aniposee."

Silantoi akasimama. "Na hiyo ni ya aina gani, mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameshaweka simu sikioni, shavu limejaa chaki.

"Maoni," akasema. "Mpaka mjomba apokee."