Fremu ya Pikapu ya Mbarka

Katika vilima vya Beni Khedache, Mbarka alijulikana kwa nyuki wake na kwa ulimi wake. Kila mvua za kusini zilipogoma, alipakia mizinga kwenye pikapu yake kuukuu, akaipeleka kaskazini kwenye michungwa. Mwaka ule mlango wa dereva ukawa haufungi. Aliupaka grisi, wapi. Akalala chini ya gari, ndipo alipouona ufa: fremu, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, ilikuwa imepasuka nyuma ya kibanda cha dereva.

Lazhar, ndugu wa mumewe, naye mfuga nyuki, alikuja kuangalia mbele ya majirani.

"Shemeji, hili limeshakufa. Zika tu, tule matanga."

"Nikiamua kuzika, nitakuita uje uchimbe," Mbarka akamjibu.

Akaliendesha polepole hadi mjini Medenine, kwa mchomeleaji kijana aitwaye Hsouna. Hsouna alilikataa. Alisema kiraka cha haraka huhamisha ufa tu, na kingekuja kukatika Mbarka akiwa barabarani, na mzigo juu. Mbarka hakumsihi, alimwuliza kazi ya kweli inafanywaje. Kijana akasema wapime kwanza.

Wakaliinua gari likae sawa. Waliteremsha timazi kutoka kila kona ya fremu, wakatia alama za chaki sakafuni, halafu wakavuta uzi kutoka kona hadi kona ya mkabala, upande huu na ule. Fremu iliyonyooka ingetoa urefu ule ule mara zote mbili. Hii ilipishana vidole vitatu. Hsouna akaanza kukunja uzi wake. Fremu iliyopinda kiasi kile hakuwa radhi kuichomelea.

Mbarka alizoea kupigilia mizinga yake mwenyewe, na sanduku hupimwa hivyo hivyo. Akaifuata kamba ya timazi kwa macho hadi juu.

"Hebu njoo, mwanangu. Hapa tumeifunga kwenye kishikio cha springi, na chenyewe kimepinda. Hiki nilikigongesha kwenye mwamba."

Hsouna akaingia chini, akakaa huko muda mrefu.

"Kweli, mama. Kidogo tu ningekuambia ukaliuze chakavu."

Walipima upya, sasa kwenye fremu yenyewe. Tofauti ilikuwa ndogo, ikaondoka kwa jeki na mnyororo. Hsouna akatoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee, akauchomelea, akausaga ukawa laini. Kisha akakata bamba refu, ncha zake akazichonga kama kichwa cha samaki, uzito usije ukakomea mahali pamoja, akalichomelea ubavuni. Kingo za juu na chini za fremu hakuzigusa, maana moto wa kuchomelea huzidhoofisha. Mbarka alishika taa, akamlisha mkate na harisa, rojo la pilipili, katikati ya kazi, maana mikono yake ilikuwa michafu.

Fremu iliponyooka, mlango ulijifunga kwa kusukumwa na kidole. Mbarka akaufungua, akaufunga tena.

Alfajiri ya safari Lazhar alitokea na mizinga yake. Dereva wake alikuwa amegoma kubeba nyuki.

"Nafasi ipo, shemeji?"

"Ya mizinga ipo. Wewe panda basi."

Lakini alimfungulia mlango wa upande wa pili, wakaenda pamoja, na njiani wakagombana kuhusu malkia wa nyuki hadi mji wa Sfax. Kaskazini michungwa ilikuwa ndiyo kwanza inafunua maua. Mizinga ilipozibuliwa, nyuki walizunguka kidogo, wakajua pa kwenda.