Samaki wa Kumpa Mgeni

Mfuga samaki wa bwawa lililo chini ya mgodi uliofungwa ana mikono mipana kama makasia, lakini akimshika samaki utadhani anahamisha mtoto aliyelala. Huchota maji kwa kiganja, huyanusa, kisha huyarudisha taratibu kana kwamba aliyaazima. Ukimuuliza jambo hukohoa kwanza, hucheka pili, na jibu huja la tatu likichechemea. Dada wa maabara, aliyetumwa kupima samaki wa bwawa hilo, alishampenda mzee huyo, na hilo ndilo lililomuuma: mara mbili alipima samaki wake, mara mbili akakuta madini ya risasi yamezidi. Ya tatu ikiwa hivyo, bwawa linafukiwa.

Siku ya kipimo cha tatu mzee alimletea tena jibaba la samaki, amelikumbatia kwa mikono miwili.

“Huyu ana umri gani, mzee wangu?”

“Miaka sita. Aliukuta mtaro wa mgodi ukimwaga maji humu, kabla hawajauziba.”

“Na wale wawili wa kwanza?”

“Rika lake hao.”

“Na wa kuuza?”

“Miezi saba. Vitoto tu.”

“Mzee, kumbe unanipa mgodi wenye mapezi. Nipe hao vitoto.”

Mzee aliona haya kwelikweli. Aliwaleta kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa, akapita nyuma ya nyumba ili majirani wasione mgeni anapewa nini.

Wiki iliyofuata dada alimpigia simu: vitoto ni safi, bwawa linabaki. Mzee alishukuru harakaharaka, kama mtu mwenye neno jingine kooni.

“Sasa binti yangu, rudi nikuchinjie kuku. Mgeni kuondoka kwangu na vidagaa, nitamwambia nani?”