Alama Kwenye Hapana

Kumwita binti yule hakukuhitaji kelele. Ulitakiwa kugonga meza. Mama yake alijua hivyo tangu homa ile iliyomwachia mtoto uhai na kuondoka na masikio. Binti alikuwa na miaka tisa, maneno yamekwisha kumkaa mdomoni, akajifunza kusoma midomo ya watu upesi kuliko alivyowahi kusoma vitabu.

Alipokuwa mtu mzima, mama alimpeleka kwenye kiwanda cha mashati, alikokuwa yeye mwenyewe akishona kola. Fomu ya kazi ya binti aliijaza mama. Palipoulizwa kama mwombaji ana ulemavu wowote, kalamu ilisita. Mama alishawaona wengi wa aina hiyo wakiambiwa nafasi zimejaa. Akatia alama kwenye Hapana, akamwonya binti asifungue mdomo wake kazini: watu wamdhanie mpole tu, basi.

Miaka minne ikapita. Walikaa meza moja ndefu, mama mbele karibu na ukuta, binti nyuma yake. Msimamizi akija, mama aligonga ubao kwa mkasi mara mbili, mtikisiko ukamfikia binti viganjani, naye akainua kichwa. Msimamizi huyo walimwita Kipenga kwa sauti yake. Washonaji walitania kuwa binti ndiye pekee asiyechoshwa na kelele za Kipenga, wakacheka, bila kujua wamesema kweli.

Kisha mama akahamishiwa chumba cha pasi, ghorofa ya chini. Alitaka kukataa, akaogopa kuulizwa kwa nini. Binti akarithi kiti chake, uso ukutani, mgongo kwa wenzake.

Wiki ya pili kikalia king'ora cha moto, cha majaribio. Wote wakatoka uani. Mama akatafuta kichwa kimoja asikione. Huko juu Kipenga alikuwa amesimama mlangoni, amemwita binti mara tatu, na binti ameinamia cherehani anamalizia kola. Kesho yake ikaja barua: amefukuzwa kwa ukaidi.

Wakaenda kwa afisa wa kazi, mwanamke mwenye miwani. Binti akasubiri kwenye benchi nje. Afisa alimsikiliza mama hadi mwisho, akamweleza kwamba sheria inakataza kumfukuza mtu kwa ulemavu wake. Tena mwajiri alipaswa kumwekea taa inayowaka king'ora kinapolia.

Taa. Mama hakuwahi kufikiria kwamba ingetosha taa.

"Ila nimewauliza kiwandani, wanasema hawakujua," afisa akasema, akamgeuzia fomu waliyomletea. "Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Sheria ilikuwa mlangoni, mama yangu. Nyinyi mkapitia dirishani."

"Wasingempa kazi."

"Huenda. Na siku hiyo ningekuwa na kesi nzuri."

Akavua miwani, akasema ipo njia moja: mama aandike na kutia sahihi kwamba yeye ndiye aliyeijaza fomu, na ndiye aliyemfundisha binti kunyamaza. Hapo kesi itapata miguu, ingawa si ya kukimbia. Lakini barua hiyo itafika kiwandani, nao watapata sababu ya kumfukuza na yeye. Mama alijua kuwa nyumba yao sasa imesimama kwa pasi yake moja. Akaomba karatasi, akatoka nayo ikiwa tupu.

"Amesemaje?" binti akauliza.

Mama akajibu huku ameutazama ukuta. Binti akamshika kidevu, akamgeuza.

"Niangalie ndipo useme."

Mama akasema yote, polepole, midomo ikimwonyesha kila neno. Binti akaitazama ile karatasi.

"Usiandike."

"Mwanangu, kosa ni langu."

"Tutakula nini? Usiandike."

Kisha akafumba macho. Na akishafumba macho, hakuna wa kumwambia neno.

Mama akagonga benchi mara mbili. Akangoja, akagonga tena. Binti hakuyafumbua.