Hodi ya Maji ya Moto

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, na kila mwenye nyumba ya vyumba sita Miyuji akaitundikia kibao cha gesti, Hashimu wa Kondoa alikuwa mtu wa maji ya moto kwa Mama Generosa. Alfajiri alikoka kuni chini ya pipa, akachota ndoo, akapita mlango kwa mlango. "Hodi, maji!" Basi. Alikuwa na haya hata za kuulizwa hali. Lakini alijua wa chumba namba mbili hupenda ya vuguvugu, na karani Ebenezer wa namba tano huyataka yanayobabua.

Juni moja, gesti ikiwa imejaa wageni wa Bunge la bajeti, Mama Generosa akaleta fundi. Kila bafu likafungwa bomba la mvua la umeme.

"Tumeendelea, Baba Mwamvua," alimwambia Hashimu akifungua na kufunga. "Mgeni anajifungulia mwenyewe, anaoga."

"Na mimi, mama?"

"Wewe tutaona mwisho wa wiki."

Hashimu aliijua "tutaona" ya mama huyo. Mpishi aliyetangulia aliambiwa hivyohivyo, na sasa yuko kwao Mpwapwa analima karanga.

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali, gesti kimya kabisa. Saa mbili ikapita. Ghafla milango ikaanza kubamizwa. Ebenezer akatokea ukumbini, shati nje, kiatu kimoja mguuni.

"Mama, gari la ofisi limeniacha! Mbona hamkuniamsha?"

"Kukuamsha? Lini gesti hii imewahi kumwamsha mtu?"

"Kila siku! Si huyu hapa na hodi yake? Wote tunaamkia hiyo!"

Wenzake wakaitikia, mmoja bado ana povu la dawa ya meno mdomoni.

Mama Generosa akamgeukia Hashimu. "Kumbe nimefuga jogoo, sijui! Haya, kesho uwagongee."

"Nikiwa nimeshika nini, mama?"

"Kwani mkono hautoshi?"

"Siwezi. Nibishe hodi kwa mtu mzima mikono mitupu, akifungua nimwambie nini?"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Jioni akamkabidhi chupa kubwa ya chai na vikombe sita.

Kulipopambazuka Hashimu alisimama mbele ya namba tano, akakohoa kidogo.

"Hodi, chai!"

"Ina tangawizi?" ikauliza sauti ya usingizi.

"Ipo."

Mwisho wa wiki ulipofika, Mama Generosa alimtuma sokoni akanunue tangawizi ya mwezi mzima.