Chupa za Maji ya Moto

Asubuhi ile mama mkwe wangu, Mama Veronika, mwanamke wa sala asiyeonja pombe hata tone, alitoka kwenye nganda, baa ya jirani, amebeba chupa tupu za bia. Wanywaji wa asubuhi wa mtaa wetu wa Tshopo wakamcheka: "Mama, weye pia!" Naye akacheka. Nilikuwa nimejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, na muuguzi alikuwa amesisitiza jambo moja tu: asipate baridi. Mimi damu ilinitoka nyingi, mikono na miguu ikawa baridi. Sikuwa na joto la kumpa mtu. Basi mama mkwe alichemsha maji uani, akajaza chupa, akazifunga kwa vitenge na kumzungushia mtoto. Zikipoa, anajaza tena.

Kisha majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yakigombania mji wetu yakaanza kupigana.

Mabomu yalipita juu ya paa. Tulilala sakafuni. Chupa zikapoa, na midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi.

Mume wangu, Faustin, alifungua vifungo vya shati.

"Mama, lete mutoto. Miye niko na joto."

"Non. Baba hashikake mutoto kama kitovu haiyaanguka. Unataka akufe?"

Ndivyo tulivyolelewa sote: baba asimshike mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Faustin akajilaza tena sakafuni.

Kukatulia kidogo. Mama mkwe akachukua chupa, akatoka. Tulimsikia akipuliza makaa.

Bomu likaanguka uani.

Faustin alitoka mbio. Alirudi peke yake. Alimchukua mtoto, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika naye blanketi.

Nilijikokota hadi nje. Nilimshika mama mkwe mkono, nikaukuta una joto kuliko wangu, nikamwita kwa furaha. Hakuitika.

Njia ya makaburini haikupitika. Majirani walichimba haraka nyuma ya nyumba. Mmoja aliingia kumwita Faustin aje amtupie mama yake udongo. Midomo ya mtoto ilikuwa ndiyo kwanza inarudi rangi yake. Faustin alitazama mlango, akamtazama mtoto.

"Mumuzike tu," alisema.

Binti yetu sasa ni mtu mzima, anauza samaki sokoni na sauti yake inasikika mbali. Nashukuru, na bado naumia. Joto lilikuwa mle ndani tangu mwanzo, kwenye kifua cha mtu aliyeomba kulitoa, nasi tukalifuata nje kwenye makaa.

Faustin hakuligusia jambo hili kwa miaka. Siku moja tukiwa tunakula, aliniuliza mama yake alilazwa kichwa kikielekea wapi.

Sikujua. Nilikuwa nimerudi ndani kabla hawajamshusha, kwa sababu nilisikia baridi.